Makombo ya Moto

Karatu usiku ni baridi. Mtu aliyezaliwa Unguja, aliyezoea kulala dirisha wazi na shuka moja ya pamba, akifika katika mji ule ulio mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari hujiona mgeni hata kwa ngozi yake. Nilikwenda huko mwezi wa Agosti mwaka 2023 kwa ajili ya harusi, na katika siku nane nilizokaa hapakuwa na asubuhi niliyotoka nje bila ya kujitanda shuka la Kimasai. Nayataja haya ili msomaji afahamu kwa nini kitu kidogo nilichokiona nyuma ya nyumba ya wenyeji wangu kilinikaa moyoni kuliko Kreta ya Ngorongoro, ambayo nayo nilipelekwa kuitazama, na ambayo wengine wamekwisha kuisifu kwa maneno mazuri kuliko yangu.

Kitu chenyewe ni tanuri la matofali. Ardhi ya Karatu ni nyekundu na nzito, na kila kiangazi, mahindi yakishavunwa, hutawaona watu wakikanda udongo, wakiufyatua kwa vibao, wakiuanika, kisha wakiyapanga matofali mabichi yawe kama kijumba kisicho na mlango, chenye vichochoro viwili vitatu chini ambamo magogo husukumwa. Nje hukandikwa tope. Moto huwashwa, hukeshewa, na unapokwisha kazi yake midomo ya vichochoro huzibwa kwa matofali na tope, na tanuri zima huachwa lipoe lenyewe kwa siku nyingi. Ndani yake, wakati moto umepamba, joto hufikia nyuzi 900 au zaidi. Udongo usipoiva, mvua ya kwanza huurudisha kuwa matope.

Tanuri hili lilikuwa la mzee mmoja wa Kiiraqw, jirani wa wenyeji wangu, aliyekuwa akimjengea mwanawe nyumba. Matofali yalikuwa elfu kumi. Magogo hakuyaiba wala hakuyanunua. Ni mikaratusi aliyoipanda kwa mkono wake pembezoni mwa shamba. Nilifika siku ya pili baada ya midomo kuzibwa, na ukuta wa tope ulikuwa bado moto kiasi kwamba huwezi kuuwekea kiganja.

Jioni ile alikuja mama mmoja, jirani, amebeba sufuria ya makande yaliyorowekwa.

“Shikamoo baba.”

“Marahaba mwanangu.”

“Baba, kuni zimeniishia. Naomba uufungue mdomo mmoja niitie sufuria yangu. Joto si linakwenda bure?”

Mzee alilitazama tanuri kabla ya kujibu. “Linakwenda, mama, lakini nikiufungua mdomo upepo utaingia, na upepo ukiingia matofali yatapasuka. Nivumilie.”

Mama yule hakununa. Alishukuru akarudi kwake. Asubuhi ya pili nilimwona akiteremka kutoka upande wa msituni na mzigo wa kuni kichwani, amefunga kanga kifuani, pumzi zake zikionekana katika baridi.

Nani alikosa hapa? Nimelirudia swali hili mara nyingi, na kila ninapodhani nimelimaliza hunitoka mkononi. Wa kwanza kushitakiwa ni mzee, kwa kuwa yeye ndiye aliyesema hapana. Lakini mzee alisema kweli. Tofali lililo moto sana likipigwa na upepo baridi hupoa nje kabla ya ndani, sehemu moja hujikunja na nyingine bado imetanuka, na hapo ndipo linapopata ufa. Kwa hiyo alichoombwa hakikuwa kile kinachopotea peke yake. Aliombwa na sehemu ya nyumba ya mwanawe.

Wasomaji wetu wanaijua hekaya ya Abunuwasi na maskini aliyelia chakula chake kikavu kwa harufu ya mapishi ya tajiri. Tajiri alidai alipwe harufu yake, na Abunuwasi akamlipa kwa mlio wa fedha. Tumeicheka hekaya ile tangu utotoni, na hukumu yake imetuzoesha kudhani kwamba kila kinachotoka katika nyumba ya mwenye nacho bila ya yeye kukihitaji ni halali ya anayepita. Karatu niliona mpaka wa hukumu hiyo. Harufu ukiinusa, nyama haipungui wala haiharibiki. Joto si hivyo. Ukilivuta kwa haraka, limepungua mle lilimokuwa, na mara nyingine umeharibu kile lilichokuwa likikifanya. Lau yule tajiri angekuwa mchoma matofali na yule maskini amekuja na sufuria, sina hakika kama Abunuwasi angetoka barazani kwa vicheko.

Basi tuseme mzee hana kosa. Lakini joto nalo lilikwenda wapi? Nilipiga hesabu nyuma ya kadi ya mwaliko wa harusi. Tofali moja la kilo mbili na nusu, likishuka kutoka nyuzi 900 hadi 100, hutoa joto ambalo, lau lingekamatwa lote, lingechemsha maji lita 5. Matofali elfu kumi ni lita 50,000. Ukiliweka kwa hesabu ya kuni, joto hilo ni sawa na lile lililomo katika tani moja na ushei ya kuni kavu. Na kwa kuwa jiko la mafiga matatu hupeleka kwenye chungu sehemu ndogo tu ya joto la kuni, pengine moja ya saba, jikoni kwa mama yule tani hiyo ingesimama mahali pa tani 7. Hapo sijahesabu lililotoka na moshi. Ni hesabu ya karatasi, nakubali, maana hapana chombo kinachokamata kila kitu. Hata hivyo iliniondolea usingizi. Mlima wa kuni uliyeyuka kimyakimya katika hewa ya Karatu, hatua mia mbili kutoka kwenye mlango wa mtu asiyekuwa na kuni.

Na kuni za mji ule zina hadithi yake. Juu ya Karatu umekaa Msitu wa Nyanda za Juu Kaskazini, ndani ya Hifadhi ya Ngorongoro iliyoanzishwa mwaka 1959. Ndio unaokamata ukungu na mvua za mlimani, na chemchemi zinazoteremka kuelekea mashamba ya Karatu zinautegemea. Ukipanda kutoka lango la Lodoare asubuhi utauona umejifunika ukungu huo huo. Ni wazi kwamba mzigo mmoja wa kuni kavu hauuangushi msitu. Lakini mizigo haiji mmoja, na kila mzigo unaobebwa kwa sababu joto la jirani halikufika jikoni una deni fulani ambalo hatujui tumwandikie nani.

Sisi tuna neno israfu, na mara nyingi tunalitumia ovyo. Kupoteza mali ya mwenzio si israfu; huko ni kudhulumu, na kuna majina mengine makali zaidi. Israfu ni kupoteza kilicho chako, na ndiyo maana ni neno zito: linasema kwamba umiliki haukupi ruhusa ya kila kitu. Mikaratusi ilikuwa ya mzee, moto wake, tanuri lake. Umiliki wake haumwoshi. Ila israfu pia huhitaji mtu aliyeweza kufanya vingine asifanye, na mzee hakuweza. Nilichokiona Karatu, kwa hiyo, ni israfu isiyo na mwenyewe. Kila mmoja alitenda sawa, na jumla yake ikawa hasara. Jambo la namna hii hutusumbua kwa sababu tumezoea kumtafuta mwenye kosa kwanza, na tusipompata hudhani hapana kosa.

Na sisi watu wa visiwani tusijione tumesalimika. Mji Mkongwe umesimama juu ya matanuu ya chokaa. Mawe ya matumbawe yalipangwa juu ya magogo, yakachomwa, na joto lote likapaa. Lakini chokaa ina siri ambayo mafundi wetu waliiona kila siku wasiipe jina. Jiwe lililochomwa na kuhifadhiwa kavu halina moto wa kuonekana. Liguse, ni baridi. Limwagie maji, nalo huchemka, hufoka, hutoa mvuke, na asiyejua huungua. Joto lile halikutokana na maji. Ni sehemu ya joto la tanuu, iliyolala ndani ya jiwe tangu siku ya kuchomwa. Kilo moja ya chokaa ambayo haijazimwa, ikizimwa, hutoa joto la kutosha kuchemsha lita 3 za maji, hata ikiwa imekaa ghalani miezi mizima, madhali haikupata unyevu. Leo wahandisi wanaifanyia chokaa majaribio kama ghala la joto la viwanda, kwa sababu hiyo hiyo. Babu zetu waliliachia joto hilo chini, kwenye shimo la kuzimia, kisha wakachukua walichokitaka, yaani lipu. Siwalaumu. Nasema tu kwamba ghala lilikuwa mikononi mwao.

Kwingineko watu waliligundua jambo hili mapema. Mwaka 1816 Robert Stirling, kasisi wa Scotland, aliomba hataza ya kifaa cha kuhifadhi joto la hewa inayotoka ili kuipasha hewa inayoingia. Mwaka 1856 Friedrich Siemens akalipeleka wazo hilo kwenye matanuri makubwa. Moshi wa moto hupitishwa katika chumba kilichojaa matofali yaliyopangwa kwa nafasi, matofali hushiba joto, kisha njia hugeuzwa na hewa mpya ya baridi hupita palepale na kulichukua joto lililoachwa. Kazi ya vyuma na vioo ilibadilika. Ghala lenyewe, tazama, lilikuwa tofali. Kile ambacho mzee wa Karatu hukichoma kwa shida ndicho chombo ambacho wenzake walihifadhia moto.

Afrika ya Mashariki nayo inatajwa katika habari hizi. Mwaka 1978 Peter Schmidt na Donald Avery walichapisha utafiti wao kuhusu wafua chuma wa Buhaya, magharibi ya Ziwa Viktoria, wakisema kwamba mirija ya udongo ya kupulizia hewa ilisukumwa hadi ndani ya tanuri, hivyo hewa ikapashwa na moto uleule kabla ya kuufikia mkaa. Na kwamba ufundi huo una umri wa zaidi ya miaka 1,500. Wataalamu wengine walipinga, wakasema hewa haikupata joto kiasi hicho. Ugomvi wao sitauingilia. Linalonivutia ni kwamba ufuaji ule ulikuwa kazi ya kundi, wenye kuchoma mkaa, wenye kuchimba, wenye kuvuta mivuo, na hewa iliyopashwa, kama kweli ilipashwa, ilipashwa katikati ya watu wengi. Wadatoga wa Mang'ola, wilayani Karatu, karibu na Ziwa Eyasi, ambao hadi leo huyeyusha shaba nyeupe ya makufuli na mabomba na kufua vichwa vya mishale ya Wahadzabe, wao moto wao ni wa shimo dogo na mivuo ya ngozi ya mbuzi. Mkaa ukiwa adimu, mtu hujifunza kuacha kupuliza mara chuma kinapotoka.

Lakini jibu la tanuri la mzee lilikuja mwaka 1858, kutoka Ujerumani, kwa Friedrich Hoffmann. Tanuri lake ni duara la vyumba. Moto hauzimwi, unahamishwa chumba hadi chumba. Hewa huingia kupitia vyumba ambavyo matofali yake yameiva, ikayapoza polepole bila ya kuyapasua na yenyewe ikapata joto; ikifika kwenye moto tayari ni ya moto, na kuni zinazohitajika ni chache. Moshi nao haupai moja kwa moja, bali hupita katika vyumba vya mbele vyenye matofali mabichi na kuyakausha. Joto la jana linaikuta kazi ya leo, na moshi wa leo unaitayarisha kazi ya kesho. Hapana sufuria wala ufa. Mgeni pekee ambaye tofali la moto humkaribisha bila ya kudhurika ni tofali jingine linalongojea zamu yake.

Jioni moja nilimweleza mzee habari za tanuri hilo, nikamchorea duara vumbini kwa kijiti. Alielewa upesi kuliko mimi nilivyoelewa nilipolisoma. Kisha akauliza:

“Na hilo duara lajazwa na nani?”

Nikasema, na majirani.

“Jirani yangu wa kushoto atajenga mwakani, akijaaliwa mahindi. Wa kulia amekwisha kujenga. Wa bondeni hana hata msingi. Mimi nachoma mara moja katika maisha yangu, mwanangu. Niungane na nani?”

Sikuwa na jibu, na tangu siku ile naamini kwamba mzee alilishika jambo lenyewe ambapo mimi nilikuwa nimeshika mitambo. Joto halikubali kufungiwa. Hutoka penye moto kwenda penye baridi, na ghala lolote unalolijenga halifanyi ila kulichelewesha. Kuhifadhi joto, basi, ni kununua muda mpaka mpokeaji afike. Pasipo mpokeaji, ghala bora kabisa ni tanuri linalopoa taratibu. Mji wa Aalborg, Denmaki, hupasha nyumba zake kwa joto la ziada la kiwanda cha saruji, na huliwezesha jambo hilo bomba, lakini kabla ya bomba kuna makubaliano ya watu elfu nyingi kwamba baridi yao ni moja. Kiwanda cha sukari cha TPC, chini ya Kilimanjaro, huchoma makapi ya miwa, mvuke ukazungusha mitambo ya umeme kwanza, kisha ukachemsha maji ya miwa. Hapo mtoaji na mpokeaji wako chini ya paa moja. Wairaqw wa zamani walichimba nyumba zao ndani ya mteremko wa kilima na kulala na ng'ombe wao humo, na pumzi za wanyama zikawapasha watoto. Nayo ilikuwa njia ya kukamata joto linalopotea, na haikuhitaji hataza. Nyumba ya matofali ya kuchoma, ambayo kila kijana wa Karatu anaitamani, na ni haki yake kuitamani, humtenga ng'ombe na mtoto, na kila ukuta wake umegharimu mlima wa joto uliochomwa na mtu mmoja peke yake.

Najua lipo pingamizi, na si dogo. William Stanley Jevons aliandika mwaka 1865 kwamba mitambo inayotumia makaa kwa uangalifu haikuipunguzia Uingereza matumizi ya makaa; iliyaongeza, kwa sababu kazi iliyokuwa ghali ikawa rahisi na kila mtu akaifanya. Tuseme Karatu wanajenga tanuri la duara. Matofali yatakuwa nafuu. Je, mikaratusi itapona, au zitajengwa nyumba mara tatu na nyumba za wageni wa Kreta mara kumi? Nadhani Jevons angeshinda, angalau miaka ya mwanzo. Lakini sioni kwamba ushindi wake unatuhalalishia hasara. Mtu aliyekuwa akichoma magogo kumi kwa ukuta mmoja, akiweza kuujenga kwa matano, amepewa matano ya kuamulia. Anaweza kuyachoma. Anaweza kumpa mama wa makande. Kabla ya hapo hakuwa na la kuamua, na mtu asiye na la kuamua huwezi hata kumlaumu, kama tulivyoona.

Upo mlima mwingine katika wilaya ya Ngorongoro, Ol Doinyo Lengai, ambao Wamasai huuita mlima wa Mungu. Uliripuka mwaka 2007 na 2008. Lava yake ya kawaida ni ya namna ya pekee duniani, nyeusi na nyepesi kama maji ya tope, na joto lake ni nyuzi 500 hadi 600 hivi. Yaani tanuri la mzee wangu, lile la tope na mikaratusi, lilikuwa moto kuliko utumbo wa mlima ule. Lengai unamwaga joto lake usiku na mchana wala hapana anayesema unafanya israfu. Nilipokuwa kwenye ukingo wa Kreta nilijiuliza kwa nini. Hausemwi, nadhani, kwa sababu haukukata mti wa mtu wala hakuna aliyekuja kwake na sufuria akaambiwa avumilie. Hasara haimo katika joto. Imo baina ya watu wawili ambao mmoja ana lililozidi na mwingine ana pungufu, na hapana njia kati yao.

Siku yangu ya mwisho nilirudi nyuma ya nyumba kuaga. Giza lilikuwa linaingia. Ukuta wa tanuri sasa ulikuwa vuguvugu, joto la kuweza kuegemea, na watoto saba wa majirani walikuwa wamejipanga mgongo ukutani, mmoja ana daftari magotini na anasoma kwa tochi ya simu. Wawili kati yao walikuwa wa yule mama. Lililofika kwenye migongo yao lilikuwa limekwisha kupita katika tope, na kulichukua hakukuwa na madhara kwa tofali lolote. Mzee alitoka na bakora yake. Nilidhani atawafukuza. Aliwahesabu kwa macho, akamwambia wa pembeni asogee ili mdogo apate nafasi, akarudi ndani. Na mimi nikaegemea palipobaki, shuka langu la Kimasai mabegani, mpaka nilipoitwa kula.